Pumzi ya Kufika Ghorofa ya Nne

Gari la mafunzo lilizima katikati ya makutano saa saba mchana, saa ambayo ofisi zote humwaga watu barabarani kwa mpigo mmoja. Mwanafunzi aliyekuwa kwenye usukani, mama mstaafu mwenye kofia pana, aliachia kila kitu akajishika mashavu. Honi zikaanza, mbele na nyuma. Mwalimu wake akafungua mlango akatoka.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne. Shati la kijani la shule ya udereva alilichomekea vizuri ndani ya suruali nyeusi, hereni zake kubwa za duara zilicheza kila alipogeuka, na miwani ilikuwa imemkaa upande. Kazini walimwita Breki, kwa sababu mguu wake wa kulia ulizoea kukanyaga breki ya upande wa mwalimu kiasi kwamba hata akiwa kwenye kiti cha ofisi ulikuwa ukikanyaga sakafu.

"Kaka! Wewe mwenye shati jeupe! Njoo tusukume!"

Mwenye shati jeupe alikuwa anavuka barabara polepole. Akasimama, akalitazama gari, akamtazama na mwalimu.

"Kusukuma siwezi, dada."

"Huwezi? Mwanaume mzima hivyo?"

"Siwezi. Ila hawa naweza kuwazuia."

Akainua mikono yote miwili, akatembea taratibu mpaka mbele ya basi lililokuwa linapiga honi kuliko wote, akasimama hapo kana kwamba ameajiriwa kwa kazi hiyo. Basi likatulia. Wauza magazeti wawili wakaja kusukuma, na gari likafika pembeni na mama mstaafu akiwa bado amejishika mashavu.

Mwalimu alijiandaa kumwambia yule bwana maneno mawili matatu. Kabla hajaanza, akasikia, "Miwani yako imelegea skrubu ya kulia. Nipe."

Alimpa bila kufikiri. Yule bwana akachomoa kwenye mfuko wa shati bisibisi nyembamba kama njiti ya kiberiti, akazungusha mara tatu, akafuta vioo kwa kitambaa, akamrudishia.

"Unatembea na bisibisi mfukoni?"

"Na wewe unatembea na breki mguuni. Ulikuwa unakanyaga lami muda wote nilipokuwa mbele ya basi."

Mwalimu akavaa miwani, na kwa mara ya kwanza akamwona vizuri: uso mtulivu, macho makubwa, vidole vyembamba visafi.

"Duka langu lile pale, lenye picha ya jicho," bwana alisema. "Skrubu hiyo ni ya kushikiza tu. Italegea tena Ijumaa."

Alhamisi mwalimu alikuwa dukani.

"Ijumaa bado," fundi wa miwani alisema bila kuinua uso kwenye mashine ya kusagia vioo.

"Nilikuwa napita."

"Shule yenu iko upande wa pili wa mji."

"Nilikuwa napita mbali."

Fundi akazima mashine, akacheka. Duka lilikuwa chumba chembamba, fremu zimejaa ukutani, kiti cha mteja kimoja tu. Mwalimu alikalia kiti hicho mpaka wateja watatu wakapokea miwani yao na kuondoka. Alipofika nyumbani alimwandika kwenye simu yake kwa jina la Bisibisi.

Wiki ya pili fundi akajiandikisha kujifunza udereva. Alikuwa na miaka thelathini na minane, hakuwa na gari, wala hakuwa na mpango wa kununua. Wenzake Breki walimpokea kwa kikohozi cha pamoja.

"Klachi iachie taratibu! Taratibu! Hiyo siyo skrubu!"

"Mwalimu, mbona unapiga kelele na gari halijaondoka?"

"Ndiyo maana napiga kelele."

"Ukinisema kwa upole litaondoka."

"Haya. Mpenzi, achia klachi."

Gari likaruka mbele kama chura na kuzima. Wakacheka mpaka mwalimu akavua miwani kufuta machozi.

Kila jioni alipokuwa anafunga duka, fundi alimpigia simu.

"Leo umeokoa watu wangapi, mwalimu wangu?"

"Mmoja. Alitaka kuingia na gari kwenye duka la mikate."

"Labda alikuwa na njaa."

"Nyamaza, bwana. Umekula?"

"Nilikuwa nangoja uniulize."

Walitembea pamoja kutoka dukani mpaka kituo cha mabasi, yeye na gauni lake jepesi la jioni, fundi na shati lake jeupe. Fundi alitembea polepole mno, akisimama kwenye kila dirisha la duka kuonyesha hiki na kile. Mwalimu alidhani anairefusha njia kwa ajili ya mapenzi. Nusu yake ilikuwa kweli.

Nusu nyingine fundi hakuwa amemwambia mtu. Alipokuwa na miaka tisa, daktari aliyekuja shuleni kupima watoto aliwaita wazazi wake na kuwaambia mtoto ana tundu kwenye moyo. Njia ya kuliziba waliyoelezwa ilikuwa moja, kupasua kifua. Baba alisema hakuna atakayempasua mwanawe kama ubao, na hawakurudi hospitali. Miaka ikapita, ikaanza kusemwa nyumbani kwamba tundu limejiziba lenyewe. Mtoto akakubali, kwa sababu ilikuwa rahisi kukubali. Kwenye mpira alikuwa refa. Mkoba wake wa shule ulibebwa na kaka yake. Alipokua akachagua kazi ya kukaa.

Mwezi wa tatu wa mafunzo, shule ikamtaka cheti cha daktari kabla ya mtihani. Akaenda zahanati akidhani watampima macho, jambo alilolijua kuliko wao. Daktari akaweka kifaa kifuani, akasikiliza, akahamisha, akasikiliza tena kwa muda mrefu.

"Umewahi kuambiwa habari za moyo wako?"

Alitoka na karatasi ya kumpeleka kwa bingwa. Akaikunja mara nne.

"Cheti kiko wapi?" mwalimu alimuuliza jioni.

"Daktari hakuwepo."

Wiki iliyofuata daktari hakuwepo tena. Iliyofuata, foleni ilikuwa ndefu. Mwalimu akaanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Alishawahi kupendwa na mwanaume aliyekuwa na sababu nzuri kila wiki, na alijua mambo yale yalivyokwisha.

"Mama anataka kukuona," akamwambia siku moja, ghafla. "Jumapili, saa tisa. Na usiniambie mama hatakuwepo."

"Nitakuja, mpenzi. Kwenu ni ghorofa ya ngapi?"

"Ya nne. Lifti hatuna, tuna miguu."

Jumapili mwalimu alivaa gauni la bluu lenye maua meupe, lililomgharimu siku tatu za kuchagua. Mama alitandika kitambaa mezani na kupanga vikombe. Saa tisa kasoro dakika tano binti akawa dirishani, akamwona Bisibisi wake anaingia mlango wa chini, shati jeupe limenyooka, mkononi mfuko wa kahawia. Moyo ukamruka. Akakimbilia kioo, akajipaka rangi ya mdomo upya.

Zikapita dakika tano, kumi, ishirini. Akarudi dirishani, akamwona fundi anatoka mlango uleule na kuvuka barabara polepole bila kutazama juu. Mikono yake ilikuwa mitupu.

Ngazini yalikuwa yametokea haya. Ghorofa ya kwanza alifika vizuri. Kabla ya kufika ya pili moyo ulianza kwenda mbio, tena mbio za kujikwaa, na pumzi ikamkataa. Akakaa kwenye ngazi. Msusi aliyekuwa anaishi ghorofa hiyo ya pili, mjane kijana mwenye kicheko cha kusikika mpaka barabarani, alifungua mlango akamkuta midomo imembadilika rangi. Akamletea maji.

"Unakwenda kwa nani, kaka?"

"Ghorofa ya nne. Kwa mama yake mwalimu."

"Njoo nikushike mkono, twende polepole."

Fundi akajiona anavyofika: anahema, hawezi hata kusalimia, kashikwa mkono na mwanamke mwingine mbele ya mama mkwe.

"Hapana, dada. Nitarudi siku nyingine. Mpe mama huu mfuko. Na nakuomba, usimwambie mtu kwamba nilikaa hapa."

Simu ilimkuta kituoni.

"Uko wapi?" mwalimu aliuliza.

"Narudi nyumbani, mpenzi. Nimepata dharura kidogo. Niombee radhi kwa mama."

"Nimekuona dirishani. Umeingia na mfuko, umetoka bila mfuko. Umempa nani?"

"Nimemwachia jirani yenu wa ghorofa ya pili, ampe mama."

"Msusi!"

"Kazi yake siijui."

"Kwa msusi umefika, ila ghorofa mbili za kuja kwa mama yangu zimekushinda?"

Fundi akawageuzia watu mgongo. Sentensi moja ingetosha. Lakini alikuwa amejificha miaka ishirini na tisa, na hakujua namna ya kujitokeza ghafla kwenye simu, kituoni, mbele ya watu.

"Ndiyo," akasema. "Zimenishinda."

Mwalimu alisikia kejeli. Akakata simu.

Kesho yake msusi akapanda na mfuko, akagonga. "Mzigo wenu huu, jirani."

"Kaa nao. Unakufaa," mwalimu akamjibu, na kumfungia mlango usoni.

Siku ya somo fundi hakutokea, wala hakupiga simu. Saa yake ikapewa mtu mwingine. Wiki hiyo wanafunzi watatu wa Breki walilia, na mmoja alikuwa askari.

Fundi naye zile ngazi zilikuwa zimemtisha. Alikwenda hospitali kuu na karatasi yake yenye mikunjo minne. Walimpima moyo kwa mashine ya picha, kisha wakamwingizia mpira mwembamba kooni ili wauone kwa karibu. Bingwa, mama mfupi mwenye sauti ya kukata maneno, akamkalisha mbele ya skrini.

"Moyo una vyumba viwili juu na viwili chini. Kwenye ukuta wa juu una tundu la milimita ishirini na mbili. Damu inayotakiwa kwenda mwilini inavuja hapa, inarudi mapafuni mara ya pili. Upande wa kulia umefanya kazi ya ziada tangu uzaliwe, umepanuka."

"Mtanipasua?"

"Hapana, nikiweza. Napitisha mrija kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni, nafungua kizibo hiki upande huu na upande huu, kinaubana ukuta katikati."

Akafungua droo, akampa cha mfano: sahani mbili ndogo za waya uliosukwa, zimeshikana kiunoni. Fundi akakivuta, kikanyooka kikawa chembamba kama penseli. Akakiachia, kikarudi sahani. Akakivuta tena. Kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu.

"Daktari, waya huu naufahamu. Ndio wa fremu ninazowauzia wazazi wa watoto watundu. Unazikunja, zinarudi zilivyokuwa."

"Basi wewe ni mgonjwa wangu wa kwanza kunikagulia vifaa," bingwa akasema. Kisha akaacha kucheka. "Mambo mawili nitayajua nikiwa ndani. Kama kingo za tundu zina nyama ya kutosha kushika, na kama presha ya mapafu bado inaruhusu. Nikikuta haiwezekani, natoka, na tutazungumza upya."

"Na nikiacha hivi hivi?"

"Umeshaacha miaka ishirini na tisa. Ukiacha mitano mingine, hata ukinipigia magoti sitaweza kuliziba. Mapafu yatakuwa yameharibika."

Wakapanga Jumanne. Fundi akampigia kaka yake, seremala wa mji wa jirani, ambaye hakuuliza mengi. Jumatatu asubuhi alikuwa kando ya kitanda cha wodini.

"Yule mwalimu umemwambia?"

"Tumeachana."

"Nimeuliza kama umemwambia."

"Nimwambie nini, kaka? Nipende, moyo wangu una tundu?"

"Umemjibia kabla hujamuuliza," seremala akasema. Akaichukua simu ya mdogo wake, eti aitunze, akaitia mfukoni.

Jumatatu hiyohiyo mama yake mwalimu alikuwa anatoka sokoni. Alipofika ghorofa ya pili akapumzika, kama kawaida yake. Msusi akamtolea kiti, akasita, akaenda ndani akarudi na mfuko wa kahawia.

"Mama, nimeshindwa kukaa na hiki. Niliombwa ninyamaze, na binti yako alinifungia mlango, lakini yule kaka hakuja kwangu. Nilimkuta amekaa hapa hapa, anahema, midomo imekuwa kama zambarau. Mimi nilimuuguza marehemu mume wangu, mtu mgonjwa namjua."

Ndani ya mfuko kulikuwa na kioo cha kukuzia maandishi, kikubwa, chenye mguu wa kusimamia mezani. Binti aliwahi kumsimulia fundi kwamba mama husoma gazeti akilisukuma mbali kama anagombana nalo. Mama akakigeuzageuza, akashukuru, akapanda zilizobaki bila kupumzika.

"Mwanangu, kaa. Mtu wako hajakukimbia. Anaumwa."

Mwalimu alisikiliza akiwa amesimama. *Kusukuma siwezi, dada.* Na ule mwendo wa polepole, na daktari ambaye kila wiki hakuwepo. Akachukua simu, akapiga.

"Haloo?" Sauti haikuwa yake.

"Nani mwenzangu?"

"Kaka yake. Hapa umeandikwa Mwalimu Wangu. Shemeji, nimeingojea simu hii tangu asubuhi."

Jumanne saa moja na nusu asubuhi mama na binti walikuwa wodini. Fundi alikuwa amevalishwa joho la kijani lililo wazi mgongoni, miguu yake myembamba imebaki nje. Alipowaona akavuta shuka mpaka kidevuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kioo nimekipata. Jana nimesoma mpaka matangazo ya vifo." Mama akamgeukia seremala. "Nionyeshe pa kukaa, baba. Hawa wana maneno yao."

Mwalimu akakaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa na shati lake la kijani, ameomba ruhusa kazini kwa simu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia. Nilisema zimenishinda."

"Ulisema kama unanikejeli."

"Sikuwa na pumzi ya kulisema kwa namna nyingine."

Mwalimu akainama, akavua miwani. Safari hii hakuwa anacheka. "Na mimi wiki mbili nimemnunia msusi wa watu."

"Mpenzi, sikiliza. Huenda leo isiwezekane. Daktari mwenyewe hana uhakika. Nisingependa ubaki kwa huruma."

"Huruma? Mimi nafundisha watu wasiojua kulia na kushoto, kutwa nzima, jua linawaka. Nikimwonea mtu huruma namrudishia ada yake. Wewe nimekufuata hapa kwa sababu nimechoka kula bila wa kumuuliza kama amekula."

Akamshika vidole vile vyembamba, vilikuwa baridi. Wakakaa hivyo mpaka kitanda cha magurudumu kikaja.

Walikuwa wameambiwa kazi itachukua saa moja. Ndani, mgonjwa akiwa amelazwa usingizi wa dawa, bingwa alipandisha mrija kupitia mshipa wa paja, macho kwenye skrini. Presha ya mapafu ilikuwa imepanda, lakini bado inaruhusu. Akapima tundu kwa puto dogo: milimita ishirini na nne. Akafungua kizibo cha kwanza. Kikakaa upande, kikateleza kwenye ukingo wa juu. Akakivuta kikarudi ndani ya mrija, akaomba kikubwa zaidi.

Nje, saa moja ikapita, ikapita na nusu yake. Mwalimu alikuwa anakanyaga sakafu kwa mguu wa kulia bila kujua. Mama akamwekea mkono gotini. Seremala, ambaye hakuweza kukaa kimya akiwa na hofu, akaanza kuongea na mama kwa sauti ya chini: kuhusu baba yao, kuhusu mkoba wa shule, kuhusu mdogo wake asivyojua kuomba kitu chochote. Kisha akauliza jambo. Mama akamtazama binti yake. Binti akaitikia kwa kichwa.

Ndani, kizibo cha pili kikafunguka upande mmoja, kikafunguka wa pili, kikaubana ukuta. Bingwa akakivuta kidogo kujaribu, akakisukuma, akakivuta tena. Hakikusogea. Akafyatua waya uliokishika.

Mlango ulipofunguka wote watatu walisimama.

"Limeziba," bingwa akasema. "Lilinisumbua kidogo. Asikunje mguu mpaka jioni, na vitu vizito asiguse kwa wiki kadhaa. Dawa za kuzuia damu kuganda atakunywa miezi sita."

Mama akarudi kukaa, akashukuru. Mwalimu alimkumbatia bingwa kabla hajajua anafanya nini, na bingwa akavumilia.

Saa kumi walimkuta macho, mguu umenyooshwa, mfuko mdogo wa mchanga umewekwa juu ya paja kubana kidonda. Rangi ya midomo yake ilikuwa ya mtu mwingine.

"Kaka yako kaniuliza jambo ukiwa ndani," mama akasema. "Nami nimemjibu kwamba sina kinyongo."

Fundi akamtazama kaka yake, kisha mwalimu. Ilimchukua muda, dawa bado ilikuwa kichwani.

"Mbona mimi sijaulizwa?"

"Ulikuwa umelala."

"Mimi nimeulizwa," mwalimu akasema, "na nimekubali. Umebaki wewe. Unanioa, au nimwambie shemeji arudi zake nyumbani?"

Mashine kando ya kitanda ikaanza kulia haraka. Muuguzi akaja mbio.

"Nani anamsumbua mgonjwa?"

"Ni mimi, dada. Nimemuuliza swali."

"Basi amjibu upesi, atulie!"

"Ndiyo," fundi akasema. "Ndiyo, mwalimu wangu. Ndiyo."

Muuguzi alisimama palepale akitazama namba mpaka ziliposhuka, akauweka sawa mfuko wa mchanga, akaenda zake. Seremala akachomoa penseli nyuma ya sikio, akatafuta kipande cha karatasi.

"Shemeji, chumba kitakuwa na upana gani? Nianze kitanda."

"Jamani, mtu hata hajatoka hospitali!"

"Najua," seremala akajibu, tayari anachora. "Lakini mbao nzuri zinachukua muda kukauka."